Redio ile ile, nyumba mpya, sasa sauti inachoma masikio: nianzie wapi?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Mkuu habari. Nina risiva ya AV ya mtumba na spika mbili ndefu za kusimama, nilipokuwa nimepanga zilikuwa zinapiga vizuri sana. Mwaka huu nimehamia kwangu Kivule, sebule mita 5 kwa 4, chini tailizi, juu jipsamu, madirisha makubwa ya aluminiamu. Sauti imekuwa kali ajabu, waimbaji wa kike wanachoma, tarumbeta hazisikilizeki, herufi S inafyonza, nusu saa tu kichwa kinauma. Sabufa niliiuza ili nimalizie tailizi. Nasikiliza kwa simu, Bluetooth. Fundi anasema tubadili twita, muuzaji Kariakoo anasema amplifaya imechoka na waya zangu ni za umeme tu sio za muziki. Nifanye lipi?"

Kaka, salama kabisa, na hongera kwa kuhamia kwako. Swali lako limekuja na jibu ndani yake. Redio ni ile ile, spika zile zile, masikio yako yale yale, kilichobadilika ni nyumba na sabufa, basi. Kwa hiyo twita, zile spika ndogo za sauti ya juu, usiziguse, amplifaya usinunue, hela yako ikae kwanza.

Kuna kitu nataka ukielewe kabla hatujashika bisibisi. Sauti ikiwa kali kila mtu anailaumu trebo, yaani ile sauti ya juu, anadhani imezidi. Mara nyingi sana trebo iko pale pale, ila besi imepungua, na ile sauti ya kati ya chini ambayo ndo inampa mwimbaji kifua nayo imepungua, afu chumba kinairudisha trebo mara mbili mbili. Sikio haliangalii trebo peke yake, linalinganisha juu na chini, ukiondoa chini basi juu panakuwa pakali hata kama hujagusa kitu. Wewe yamekupata yote mawili kwa wakati mmoja, umeuza chini ukahamia kwenye chumba kinachopiga kelele.

Tuanze na sabufa maana hiyo ni bure na unaimaliza leo leo. Risiva za AV, yaani hiyo mashine yako yenye amplifaya ndani yake, zina menyu ya spika, mle ndani unaiambia spika za mbele ni "Large" au "Small" na sabufa ipo au haipo. Ulipokuwa na sabufa kuna uwezekano mkubwa spika zako ziliwekwa "Small" na mpaka wa kugawa besi ukawa 80Hz, ndo unaotumika zaidi, maana yake besi ya chini ya hapo risiva inaitoa kwenye spika ndefu inaipeleka kwenye tundu la sabufa kule nyuma. Sabufa umeuza ila risiva haijui! Bado inapeleka besi kwenye tundu ambalo halina waya, na spika zako ndefu ambazo zina wufa (zile spika kubwa za besi) za kutosha kabisa zimekaa zinangoja. Chomeka TV, ingia Setup, sabufa weka "No" au "None", spika za mbele ziwe "Large", nyingine ukishaiambia sabufa hakuna inageuza yenyewe. Afu kama uliwahi kupima chumba kwa ile maiki ndogo inayokuja na risiva, yale mahesabu yote ni ya chumba cha zamani, na kama kile chumba kilikuwa na kapeti na vitu vingi vinavyonyonya sauti basi risiva inaweza ikawa iliongeza trebo kufidia, sasa imekuja nayo huku kwenye tailizi. Izime ile ikwalaiza ya kujipima au pima upya ukishamaliza kazi ya chumba, sio kabla.

Fanya hilo kwanza usikilize. Kama zilikuwa "Small", mi nakuhakikishia utasikia tofauti hata kabla hujafika kwenye chumba.

Sasa chumba, na hapa nitakaa sana maana ndo kwenye tatizo lenyewe. Simama katikati ya sebule, zima feni, piga kofi moja kavu. Ukisikia kimlio kama "tiiing" kinachokimbia kati ya kuta mbili baada ya kofi, hicho ndo kinachokuchoma, kila S ya mwimbaji na kila tarumbeta inapata mkia kama huo. Tailizi, kioo na plasta ya simenti vinameza asilimia 2 au 3 hivi ya sauti kali inayovigonga, iliyobaki yote inarudi, inagonga ukuta wa pili, inarudi tena. Kule ulikopanga pengine kulikuwa na kapeti, vitu vimebanana, na nguo zinaning'inia, yote hayo yalikuwa yanakufanyia kazi bila wewe kujua.

Hili sio jambo jipya. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani walikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akiongea hasikiki, maneno yanapandana, wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia anaitwa Wallace Sabine. Jamaa akawa anafanya kazi usiku kukiwa kimya, anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine anaipanga mle ndani, anapima sauti inachukua muda gani kufa, anaongeza mito, anapima tena. Akapata kanuni ambayo tunaitumia mpaka leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti mle ndani, unapata sekunde ambazo sauti inachukua mpaka kufifia kabisa.

Tukiweka sebule yako, 5 kwa 4 na kimo nichukulie 2.8, ni mita za ujazo 56, ukizidisha na 0.161 unapata kama 9. Kwa muziki sebuleni tunataka iwe karibu na nusu sekunde, kwa hiyo unahitaji kunyonya kwa mita za mraba 18, yaani sawa na eneo la ukubwa huo linalomeza sauti yote. Kuta zako na tailizi na sofa zote ukijumlisha nakadiria 6 au 7, yaani sauti inaelea humo ndani sekunde moja na zaidi. Hapo hata ukileta spika za milioni kumi zitachoma tu.

Habari njema ni kwamba pengo hilo linazibika kwa vitu vya nyumbani. Zulia zito la 2 kwa 3 na chini yake ule mpira au kitambaa kizito cha kuzuia kuteleza, hapo unapata kama 3, na liweke kati ya spika na sofa sio chini ya meza ya kulia. Mapazia ndo yenye kazi kubwa zaidi, maana kile kioo cha dirisha la aluminiamu kinarudisha karibu sauti kali yote. Ila yawe mazito, velveti au kitambaa kizito chochote, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa fimbo ili yakae na mikunjo mikubwa hata ukiyafunga, na fimbo isogezwe mbele pazia likae sentimita 10 au 15 kutoka kwenye kioo. Mita za mraba 8 za pazia la namna hiyo zinakupa kama 5. Yale mepesi ya neti yanapendezesha tu, kwenye sauti hayafanyi kitu. Hili jambo la mapazia kaa na shemeji mlipange pamoja, yeye achague rangi wewe chagua uzito, nyumba itapendeza na muziki utatulia.

Baada ya zulia na pazia tafuta yale maeneo ambayo sauti inadunda moja kwa moja kuja masikioni kwako. Kaa kwenye sofa pale unapokaaga, mtu mwingine apitishe kioo cha kujitazamia ukutani pembeni, usawa wa kichwa chako, kuanzia kwenye spika kuja kwako. Pale utakapoiona twita ya spika kwenye kioo, weka alama kwa penseli. Hapo ndipo sauti inapodundia, inakufikia kama milisekunde 3 mpaka 5 baada ya ile ya moja kwa moja, sikio haliwezi kuzitenganisha linazichanganya zinakuwa ukali. Fanya kuta zote mbili za pembeni. Ukuta mmoja ukiwa na dirisha pazia limeshamaliza, ule mwingine weka rafu ya vitabu iliyojaa vitabu vya urefu tofauti, au tengeneza fremu ya mbao 60 kwa 120, jaza rokwulu ya unene wa sentimita 10, ile pamba ya mawe wanayofungia mabomba ya moto, shona kitenge juu yake. Kitenge kabla hujakinunua kiweke mdomoni upulize, hewa ikipita kirahisi kinafaa, ikigoma chagua kingine.

Na tafadhali sana trei za mayai usizibandike. Najua watu wanasifia mno, ila ile karatasi ni nyembamba mno, haimezi sauti ya maana, na ikishika moto nyumba nzima inakwenda. Sponji nyembamba za inchi moja nazo zinanyonya ile trebo ya juu kabisa tu, sauti ya kati inabaki inadunda kama kawaida, mwisho unapata chumba ambacho kimekufa juu na bado kinapiga kelele.

Meza ya kioo katikati ya sebule kama ipo, isogeze pembeni wakati wa kusikiliza au itandike kitambaa kizito, ile inakurushia sauti usoni moja kwa moja.

Tukija kwenye kupanga spika. Hujasema umeziweka wapi ila wengi wakihamia sebule kubwa wanazivuta mbali na ukuta zipendeze kwenye picha. Ukuta ni rafiki wa besi, spika ikikaribia ukuta wa nyuma yake besi inaongezeka yenyewe bila kugusa kitufe, kwa hiyo anza sentimita 30 hivi kutoka ukutani, sikiliza, sogeza kidogo kidogo mbele au nyuma mpaka mwimbaji wa kiume asikike ana kifua ila haungurumi. Halafu angalia zinaelekea wapi. Trebo inatoka kwenye twita imebanana inakwenda mbele, besi inasambaa kila upande, kwa hiyo kama umezigeuza zinakutazama usoni wewe unapokea trebo yote. Zinyooshe zitazame mbele, twita ipite pembeni ya mabega yako, hapo tu unaweza kushusha ukali kiasi cha kushangaa. Na usikae katikati kabisa ya chumba, kwenye urefu wa mita 5 kuna besi ya kama 34Hz ambayo pale katikati inajifuta yenyewe, sogeza sofa nyuma kidogo, ila kichwa pia kisigusane na ukuta mtupu wa nyuma, acha hata nusu mita.

Kitu kingine cha kuhama nyumba: waya. Ulivyofungua na kufunga upya, uko na uhakika nyekundu imeenda kwenye nyekundu spika zote mbili? Moja ikigeuzwa, wufa moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, besi zinauana, zinabaki trebo na mwimbaji ambaye hujui amekaa wapi. Zima risiva, geuza waya wa spika moja tu, washa, sikiliza wimbo mmoja wenye besi. Upande utakaokupa besi nyingi na mwimbaji akakaa katikati kati ya spika mbili, huo ndo sahihi, acha hapo.

Na kuhusu waya zenyewe, muuzaji amekupotosha. Waya wa shaba wa milimita 1.5 wa kawaida, ule wa umeme, kwa umbali wa mita 5 kwenda na kurudi una kama omu 0.12 tu, spika yako ni omu 8 au 6, hiyo ni ndogo mno kukupa ukali wa namna hiyo. Hakikisha tu ni shaba kweli, sio aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, kwaruza kwa kisu uone ndani, na ncha zimekazwa vizuri hazina kutu.

Amplifaya inaweza kuwa kali kwa sababu moja ya kweli, ikilazimishwa kuliko uwezo wake. Inapofika mwisho inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, pale yanapokatwa inazaliwa kelele ya juu ambayo haikuwepo kwenye wimbo, na kelele hiyo inaenda moja kwa moja kwenye twita, ndo maana twita zinaungua kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Wewe sebule ni kubwa sasa, bila sabufa, kwa hiyo bila shaka unapandisha zaidi ya zamani. Jaribio ni rahisi, sikiliza kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na mtu bila kupaza. Ukali ukibaki hata chini basi amplifaya haihusiki, ni chumba na besi. Ukali ukianza pale tu unapopandisha, hapo ndo inazidiwa. Angalia pia umeme wa mtaani jioni, kama unashuka kutoka volti 230 mpaka 180, risiva yenye transfoma ya kawaida inapoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake, kwa hiyo sauti ile ile uliyosikiliza vizuri asubuhi usiku inaanza kukwaruza. Na namba za PMPO, zile wati kubwa kubwa za kutangazia kwenye boksi, ziache, soma nyuma ya mashine imeandikwa inakula wati ngapi, ikisema inakula wati 60 haiwezi kutoa 1000 hata kwa maombi.

Simu. Bluetooth yenyewe sio adui mkubwa hivyo, tatizo ni wimbo wenyewe ulivyofika kwenye simu. Wimbo umeshushwa YouTube kwa programu fulani, ukageuzwa MP3 ya 128kbps, akakutumia rafiki, umekandamizwa mara tatu kabla Bluetooth haijaukandamiza ya nne. Kinachoumia kwanza ni matoazi na S, zinakuwa kama mtu anachana karatasi. Chukua waya wa simu kwenda RCA, yale matundu mekundu na meupe nyuma ya risiva, ujaribu wimbo mmoja mzuri, kama una Spotify panda kwenye kiwango cha juu kabisa ulichonacho. Halafu ingia kwenye setingi za sauti za simu, zima ikwalaiza, zima kila kitu kinachoitwa kuboresha sauti, maana nyingi ya hizo zinapandisha trebo ili spika ya simu isikike, na wewe unazipeleka kwenye spika kubwa. Kwenye risiva nako zima zile "Hall" na "Stadium", chumba chako kina mwangwi wa kutosha.

Jua pia kwamba kuna nyimbo ni kali zenyewe. Rumba ya sebene mng'ao wa gitaa umekaa pale pale kwenye 2 mpaka 5kHz, na karibu na hapo, kwenye 3 na 4kHz, ndipo sikio la binadamu lina hisia kali kuliko kote, watafiti wa Marekani Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Hao hao ndo walionyesha kwamba ukisikiliza kwa sauti ndogo sikio linapoteza besi kwanza, ndo maana redio zina kitufe cha Loudness. Usiku ukiweka chini kiwashe, ukipandisha kizime. Na nyimbo za zamani zilizonakiliwa kanda kwa kanda usizitumie kupimia redio, tumia rekodi mbili tatu nzuri unazozijua mwanzo mwisho.

Ukimaliza yote hayo na bado kuna kaukali kadogo, hapo sasa gusa ikwalaiza. Punguza kwenye 3 au 4kHz desibeli 2, ikizidi sana 3, besi usiipandishe mpaka juu, maana kuongeza desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara 10 na tumeshaona inaishia wapi. Lile umbo la tabasamu ambalo vijana wanalipanga kwenye ikwalaiza, besi juu trebo juu katikati chini, kwa sebule yako ni sumu.

Sasa fundi na twita zake. Kuna hali moja ambayo nitakubaliana naye, kama ukali uko spika moja tu. Badilisha, spika ya kulia ipeleke kushoto, ukali ukihama na spika basi twita au kikato chake, ile saketi inayogawa besi na trebo, kina tatizo, fungua. Muulize pia kama aliwahi kubadili kapasita ya twita hapo nyuma. Nimeona spika inayotakiwa mikrofaradi 4.7 imewekwa 10 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani, na kwa twita ya omu 8 hiyo inashusha mpaka wake kutoka kama 4,200Hz mpaka 2,000, twita inalazimishwa kuimba sauti isiyo yake na inapiga kelele. Na kama mtu aliwahi kukuongezea zile twita ndogo za pembeni juu ya boksi, zitoe.

Spika zote mbili zikiwa nzima na bado unataka trebo ishuke kidogo moja kwa moja, mwambie fundi asibadili twita, aweke rezista mbili kwa kila upande: omu 2.2 ya wati 10 iwe njiani kwenye waya wa nyekundu baada ya kapasita, halafu omu 20 iunganishwe kati ya nyekundu na nyeusi za twita yenyewe. Kwa twita ya omu 8 hiyo inashusha desibeli 3 hivi bila kuvuruga mpaka, ni vitu vya bei ndogo kabisa, na ukihama tena anavitoa.

Amplifaya mpya iache mpaka mapazia yapite. Na siku ukiamua kweli kununua, iwe spika au amplifaya, mwambie muuzaji unaacha hela ya dhamana unabeba unaenda kuijaribu kwako siku mbili, kwenye tailizi zako na nyimbo zako. Akikataa nenda duka la pili.